Timu mbili kwa msimu: sheria inayomhesabia mchezaji makosa ya klabu

Kila dirisha dogo la usajili linapofunguliwa mwezi wa Januari, swali ni lile lile kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kuanzia Maskati na Dubai mpaka Unguja na Mombasa: mchezaji anaruhusiwa kuchezea timu ngapi kwa msimu mmoja? Wengi hujibu "mbili", kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei na majina. Jibu hilo si la uongo, lakini limeacha nje sehemu inayowaumiza vijana wetu wanaotafuta rizki kwa mpira huku Ghuba na kule nyumbani.

Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 5, zinasema kwa ufupi hivi: ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, lakini mechi rasmi ataruhusiwa kuzichezea klabu mbili tu. Kusajiliwa ni jambo moja na kucheza ni jambo jengine. Mfano mzuri tunao hapa hapa jirani. Msimu wa 2023/24 ulipoanza, Jordan Henderson alikuwa bado mchezaji wa Liverpool. Mwisho wa Julai akahamia Al Ettifaq ya Dammam, akacheza mpaka Disemba, na Januari 2024 akaenda Ajax ya Amsterdam. Klabu tatu ndani ya miezi saba, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu Liverpool hakuwa ameichezea mechi rasmi hata moja msimu ule. Hesabu yake ilikuwa tatu za kusajiliwa na mbili za kucheza, sawa kabisa na sheria inavyotaka.

Sasa mechi rasmi ni ipi? FIFA inaieleza kuwa ni mechi inayochezwa ndani ya mpira uliopangwa na shirikisho: ligi ya taifa, kombe la taifa, na mashindano ya kimataifa ya klabu. Mechi za kirafiki na za majaribio hazimo. Unaweza kuvaa jezi ya timu kumi katika mechi za matayarisho ya msimu na hesabu yako ikabaki sifuri. Lakini ukiingia dakika ya 89 katika mechi ya kombe dhidi ya timu ya daraja la pili, tayari umeshatumia nafasi moja kati ya mbili. Sheria haipimi dakika.

Aliyelipa gharama kubwa ya neno hilo "rasmi" ni Hatem Ben Arfa, Mfaransa mwenye asili ya Tunisia. Mwezi wa Agosti 2014 alikuwa Newcastle, hana nafasi katika kikosi cha kwanza, akapelekwa kucheza na vijana wa chini ya miaka 21. Siku chache baadaye akaazimwa kwa Hull City. Mambo hayakwenda, na Januari 2015 mkataba wake na Newcastle ukavunjwa. Nice ya Ufaransa ikamchukua, mashabiki wakafurahi, picha zikapigwa. Kisha ikaja habari kwamba hawezi kucheza. Kwa nini? Kwa sababu ile mechi ya vijana ilihesabiwa kuwa ni rasmi. Newcastle moja, Hull ya pili, Nice ingekuwa ya tatu. Kikosi cha kwanza cha Newcastle hakuwa amekigusa msimu huo, lakini FIFA ilishikilia msimamo wake. Ben Arfa akakaa nusu msimu bila ya mpira, Nice ikabidi imwachie, kisha ikamsajili tena kiangazi cha 2015. Msimu uliofuata alifunga mabao 17 ya ligi, akarudi timu ya taifa ya Ufaransa, na mwaka 2016 akachukuliwa na Paris Saint-Germain.

Ben Arfa alikuwa na jina, na alikuwa na akiba ya kumtunza miezi sita. Ndiyo maana kisa chake kinajulikana. Visa vya wasio na jina havifiki magazetini. Mzee mmoja wa Seeb, asili yake Pemba, aliniletea makaratasi ya mwanawe nimsaidie kuyasoma. Kijana alisaini na klabu moja ya Ghuba mwanzo wa msimu. Akacheza dakika tisa za mwisho katika mechi ya kombe, mwezi wa Septemba. Mshahara wa kwanza haukuja, wa pili haukuja, na kabla dirisha halijafungwa akaitwa ofisini akawekewa karatasi ya kuachana "kwa maridhiano". Akasaini, kwani alikuwa amepata timu nyengine na hakutaka ugomvi. Timu hiyo ya pili ikamchezesha mechi nne, kisha Januari ikabadilisha kocha na kocha mpya akaja na watu wake. Timu ya tatu, katika nchi jirani, ikamtaka kwa moyo mmoja. Ikamsajili, kisha ikagundua kwamba kumchezesha haiwezi mpaka msimu mpya. Kijana ana miaka 22. Alibaki anafanya mazoezi na kutazama mechi jukwaani, na mkataba wenyewe uliandikwa kwa posho badala ya mshahara.

Dakika tisa ambazo hakulipwa hata baisa moja zilimgharimu miezi mitano ya kazi. Kijana huyu hakuvunja sheria yoyote. Klabu iliyomkosea ndiyo iliyohesabiwa kuwa klabu yake ya kwanza, na kifungu cha 5 hakiulizi nani alimwacha nani, wala kama mshahara ulilipwa. Kinahesabu tu.

Hata hivyo, msingi wa sheria hii naukubali. Fikiria ligi ambayo timu inayowania ubingwa inaweza kununua mshambuliaji kwa mpinzani wake mwezi wa Januari, na mpinzani akamnunua tena mwezi wa Machi kwa timu ya tatu. Ndiyo maana kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba heshima ya mashindano lazima izingatiwe kwa kila hali, na kwamba mchezaji hawezi kuchezea zaidi ya klabu mbili zinazoshindana katika ligi moja au kombe moja la taifa kwa msimu mmoja. Mashirikisho yameachiwa yawe makali zaidi yakipenda. Bila ya ukuta huu, mawakala wangewazungusha wachezaji kama mzigo bandarini, kila mzunguko na dalali wake.

Na ndani ya ukuta huo, nafasi ya timu mbili imefanya mema mengi. Msimu wa 2022/23 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, Mrundi Saido Ntibazonkiza alianza na Geita Gold, dirisha dogo likamkuta anahamia Simba, na mwisho wa msimu akawa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Mabao ya timu zote mbili yaliunganishwa katika hesabu moja ya mfungaji bora. Wapo waliosema si haki, kwamba mabao ya mkoani na mabao ya Simba si kitu kimoja. Mimi naona ni haki tupu, kwa sababu bao huandikwa kwa jina la aliyefunga. Kama sheria ingekuwa ya timu moja tu kwa msimu, Saido angebaki Geita mpaka mwisho, na Simba ingetafuta mshambuliaji nje ya nchi.

Wala ruhusa ya kuchezea timu mbili haimaanishi kwamba mchezaji anaweza kuondoka anapotaka. Hilo Feisal Salum wetu wa Unguja alilionja. Disemba 2022 aliandika kuaga Yanga akiamini amelipa kinachotakiwa kuvunja mkataba. TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu ya pili ya msimu ikapita bila ya yeye kucheza, mpaka Rais Samia alipoizungumza habari yake mbele ya viongozi wa Yanga mwezi wa Juni 2023, na ndipo akauzwa Azam. Nafasi ya timu ya pili alikuwa nayo mkononi muda wote, lakini hakuwa na mlango wa kutokea.

Mashindano ya mabara nayo yana hesabu yake, na hapa ndipo mashabiki wetu wengi hupotea njia. Clatous Chama aliuzwa na Simba kwa RS Berkane ya Morocco mwezi wa Agosti 2021, akarudi Msimbazi Januari 2022. Kwa ligi ya Tanzania hakukuwa na tatizo. Lakini Simba na Berkane walikuwa kundi moja katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na Chama alikuwa ameshaichezea Berkane katika mashindano hayo. Kwa hiyo Simba wakacheza na Berkane nyumbani na ugenini, na mtu anayewajua Waarabu wale kuliko wote kikosini akatazama kama mimi na wewe. Berkane ndio waliochukua kombe mwaka ule.

Ulaya walikuwa na zuio la namna hiyo, na lilifanya vituko vikubwa zaidi. Januari 2009 Real Madrid iliwanunua Klaas-Jan Huntelaar kutoka Ajax na Lassana Diarra kutoka Portsmouth, wote wawili wameshacheza Kombe la UEFA msimu ule. Baada ya kulipa ndipo ikaonekana kwamba kanuni za Ligi ya Mabingwa zinaruhusu mmoja tu wa aina hiyo. Klabu tajiri kuliko zote, na mawakili wake wote! Ikamwandikisha Diarra, Huntelaar akabaki na mechi za ligi ya ndani. Miaka 9 baadaye Barcelona ilimchukua Philippe Coutinho kutoka Liverpool, Januari 2018, naye hakuweza kucheza Ligi ya Mabingwa. Barcelona ikashinda 4-1 nyumbani dhidi ya Roma, ikafungwa 3-0 ugenini na kutoka, Coutinho akitazama. Mwaka huo huo UEFA ikabadilisha kanuni: kuanzia msimu wa 2018/19 klabu inaweza kuongeza wachezaji watatu baada ya makundi hata kama wamechezea timu nyengine katika mashindano yale yale.

Sijataja mabadiliko hayo kwa ajili ya historia tu. Zuio lilidumu miaka mingi likiwaumiza wachezaji wa kawaida bila ya kelele. Lilipoanza kuharibu fedha za klabu kubwa, likalegezwa. Na ukiitazama sheria ya timu mbili kwa jicho hilo utaona mtindo ule ule.

Javier Mascherano alicheza Corinthians ya Brazil katikati ya 2006, akahamia West Ham mwisho wa Agosti pamoja na Carlos Tevez, akapata mechi chache tu, na Januari 2007 Liverpool ikamtaka. Kwa hesabu ya kawaida Liverpool ilikuwa timu ya tatu. Liverpool ikaomba, FIFA ikakubali mwezi wa Februari, na Mei mwaka ule Mascherano alikuwa uwanjani Athens katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya AC Milan. Hoja iliyomwokoa ilikuwa ya kalenda: Brazil msimu wao unakwenda na mwaka, Uingereza unaanza Agosti. Leo hoja hiyo imeandikwa ndani ya kifungu cha 5 chenyewe. Mchezaji anayehama kati ya nchi ambazo misimu yao inapishana anaweza kuchezea klabu ya tatu, madhali ametimiza wajibu wake wa mkataba kwa klabu zilizotangulia.

Kwetu sisi ruhusa hiyo haina faida kubwa. Ligi ya Oman, za Saudia, Imarati, Qatar na Kuwait, na Ligi Kuu ya Tanzania, zote huanza baina ya Agosti na Septemba na kumalizika kiangazi kinachofuata. Mchezaji wa Ghuba anayehamia Brazil, kama alivyofanya Neymar Januari 2025 alipotoka Al Hilal kurudi Santos, anaingia katika kalenda nyengine. Kijana anayetoka Sur kwenda Doha, au Unguja kwenda Maskati, kalenda yake ni ile ile na hesabu yake ni ile ile.

Kisha ikaja korona. Juni 2020 misimu ilikuwa imevurugika, mikataba inamalizika na ligi hazijamalizika, na FIFA ikaruhusu kwa muda wachezaji kuchezea klabu tatu katika msimu mmoja. Na sikusikia mtu akisema mpira umekosa heshima mwaka ule. Na mwaka 2025, kwa ajili ya Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, FIFA ilifungua dirisha la ziada kuanzia tarehe 1 hadi 10 Juni. Trent Alexander-Arnold, aliyekuwa bingwa wa Uingereza na Liverpool wiki chache nyuma, alivaa jezi ya Real Madrid tarehe 18 Juni pale Miami, na mpinzani wake wa kwanza alikuwa Al Hilal ya Riyadh. Hakuvunja sheria ya timu mbili. Ninachosema ni kwamba FIFA ikitaka, kalenda hunyooka.

Hapo ndipo ninapouliza: kama nafasi ya tatu iliwezekana kwa sababu ya kalenda, na ikawezekana kwa sababu ya ugonjwa, kwa nini isiwezekane kwa sababu ya dhulma?

Watakaopinga wana hoja, na si ndogo. Watasema klabu na mchezaji watapanga njama: wataandikiana barua za uongo za mshahara kutolipwa, ili kijana apate nafasi ya tatu na wakala apate malipo ya tatu. Uhamisho wa kupitishia klabu ya katikati ulikuwepo kiasi kwamba mwaka 2020 FIFA iliongeza kifungu maalumu dhidi yake, na uhamisho wa mara mbili wa mchezaji mmoja ndani ya wiki 16 ukawa unatazamwa kwa shaka tangu mwanzo. Nakubali hatari ipo. Lakini ushahidi wa mshahara ni kitu kinachopimika. Kifungu cha 14bis cha kanuni hizo hizo kinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara miwili kuipa klabu notisi ya siku 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Ikiwa karatasi hiyo inatosha kumtoa mchezaji klabuni, inatosha pia kuifuta klabu hiyo katika hesabu ya mbili. Na ili ligi zisichezewe, lile katazo la klabu zaidi ya mbili katika ligi moja libaki kama lilivyo. Nafasi ya tatu iwe nje ya nchi tu. Kijana wa Seeb angepona kwa hilo, na hakuna bingwa wa nchi yoyote ambaye kombe lake lingetiwa doa.

Kuna njia nyengine ya kumlinda kijana, nayo ni mkopo. Waomani wanaikumbuka vizuri: Ali Al-Habsi alikaa Bolton miaka akisubiri nyuma ya Jussi Jääskeläinen, akaazimwa Wigan msimu wa 2010/11, akawa mchezaji wao bora wa msimu, wakamnunua moja kwa moja. Mwaka 2014 Wigan nao wakamwazima kwa muda mfupi kwa Brighton, kwa ule mkopo wa dharura uliokuwa ukiruhusiwa Uingereza hata nje ya dirisha. Mkopo wa namna hiyo umeshafutwa tangu msimu wa 2016/17. Tangu Julai 2022 FIFA imepunguza pia mikopo ya kimataifa, na sasa klabu inaruhusiwa kuazima nje wachezaji sita na kuazima ndani sita, lakini vijana wa miaka 21 kushuka chini hawamo katika hesabu hiyo wakiwa wamelelewa na klabu yenyewe. Uzuri wa mkopo ni kwamba mkataba na klabu mama unabaki. Ikiwa mambo yameharibika, kijana ana pa kurudi.

Michezo mingine imekwenda mbali zaidi. Majirani zetu wa Kihindi na Kipakistani hapa Ruwi watakueleza jinsi mchezaji wa kriketi anavyochezea timu ya Imarati Januari na timu ya nchi nyengine miezi miwili baadaye, ilimradi bodi yake imempa ruhusa. Soka la wanawake Uingereza lina usajili wa pande mbili, ambapo msichana wa klabu kubwa huchezea pia klabu ya daraja la chini katika msimu huo huo. Sioni kwa nini shirikisho la Oman au TFF wasilifikirie hili kwa vijana wa chini ya miaka 21 ndani ya nchi.

Kwa Wazanzibari kuna mzigo wa ziada ambao watu wa bara hawauoni. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Julai mwaka huo huo ikaivua. FIFA haijawahi kuipokea. Klabu za Visiwani hucheza mashindano ya CAF, lakini hati ya uhamisho wa kimataifa hutolewa na shirikisho lililo mwanachama wa FIFA, na hilo ni TFF. Karatasi ya kijana wa Mlandege au KMKM anayekuja Ghuba ina ofisi mbili za kupita, ng'ambo mbili za bahari, kabla haijafika Maskati. Dirisha lina siku zake. Ucheleweshaji wa wiki moja unaweza kumfanya asajiliwe na klabu ya muda "ili asikae bure", acheze mechi moja, na hapo ameshaweka moja kati ya mbili zake mahali ambapo hakukusudia kubaki.

Wazee wanaoniuliza nawaambia mambo machache, nami si mwanasheria. Kabla ya kusaini, takeni pasi ya mchezaji, ile karatasi ya shirikisho inayoonyesha klabu zote alizosajiliwa. Wakala asiyetaka kuionyesha ana sababu yake. Mkataba uanzie siku unapoanza mpaka mwisho wa msimu, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini cha FIFA. "Mkataba wa majaribio wa wiki sita" haupo katika kanuni. Majaribio yawe majaribio, katika mechi za kirafiki, na kijana asikubali kuingizwa mechi ya kombe kabla mkataba haujakamilika na malipo ya kwanza hayajaingia. Na karatasi ya maridhiano asiisaini siku anayoitwa ofisini. Mshahara usiolipwa udaiwe kwa maandishi, kwa notisi ya siku 15, hata kama timu nyengine inasubiri mlangoni.

Tarehe 4 Oktoba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba baadhi ya kanuni za FIFA za uhamisho zinakwenda kinyume na sheria za Umoja huo. Aliyeshtaki ni yule yule Lassana Diarra wa Real Madrid, ambaye mwaka 2014 aliachwa na Lokomotiv Moscow na Charleroi ya Ubelgiji ikashindwa kumsajili kwa sababu hati yake ilizuiwa. Baada ya hukumu FIFA ilitoa marekebisho ya muda kuhusu fidia na hati za uhamisho. Kifungu cha 5 hakikuguswa. Madhali kanuni zenyewe bado zinazungumzwa, mashirikisho ya Oman na Tanzania yana sababu ya kupeleka ombi, na halihitaji kuwa refu. Linaweza kuwa sentensi moja ya kuongeza mwisho wa kifungu hicho: kwamba mechi ambazo mchezaji ameichezea klabu iliyoshindwa kumlipa mishahara miwili, na akavunja nayo mkataba kwa kufuata kifungu cha 14bis, hazitahesabiwa katika kikomo cha klabu mbili anapohamia klabu ya nchi nyengine.